Barua ya wazi: Pimeni jodari wa madikoni kabla ya mgao wa Bahari ya Hindi

Kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania; Waziri wa Uchumi wa Buluu na Uvuvi wa Zanzibar; uongozi wa Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, Fumba; na wakuu wa taasisi zetu za utafiti wa uvuvi, TAFIRI na ZAFIRI.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe ni mali ya umma.

Mimi ni mpimaji wa samaki. Nilisomea bayolojia ya bahari, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeipitisha madikoni, pale samaki wanaposhushwa na kunadiwa, Pemba, Unguja, Mafia na Kilwa, nikiwa na ubao wa kupimia na daftari, nikiwahi urefu wa jodari, sehewa na nguru kabla hawajafungwa kwenye baiskeli na pikipiki za wachuuzi. Ombi langu ni moja. Tengeni fedha ya kudumu, ndani ya bajeti zenu wenyewe, ya kuwapima na kuwachunguza jodari wanaovuliwa na wavuvi wetu wadogo. Nasema ya kudumu kwa sababu tumezoea miradi. Mradi huja na gari jipya, mafunzo ya wiki moja hotelini na fulana, na ukimalizika, daftari la diko hubaki tupu hadi mfadhili mwingine aje.

Kwa nini sasa? Kwa sababu bahari inagawanywa. Tangu 2011 nchi wanachama wa Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, IOTC, zimekuwa zikijadiliana katika kamati maalumu juu ya vigezo vya kugawana mavuno. Nchi zenye meli kubwa zinazotoka mbali zinataka historia ya mavuno ihesabiwe kwa bendera ya meli iliyovua. Nchi za pwani, sisi tukiwamo, zinasema samaki aliyevuliwa ndani ya maji ya nchi aandikwe kwenye historia ya nchi hiyo. Mjadala umechukua miaka, na utaisha. Utakapoisha, kila nchi itaulizwa tarakimu zake. Ni sawa na kikao cha mirathi: mrithi asiye na hati wala shahidi atasikilizwa kwa adabu, kisha shamba litagawanywa kwa wenye hati.

Na katika bahari hii hati ya mvuvi mdogo ina uzito usiopatikana kwingine. Karibu nusu ya mavuno ya jodari na jamii yake katika Bahari ya Hindi hutoka kwa wavuvi wa pwani: Maldivi kwa fimbo, Iran na Pakistan kwa majarife, Oman, Sri Lanka, Indonesia, na sisi kwa mshipi, jarife na nyavu za kuzungushia. Meli kubwa ya nyavu inapoingia bandari ya Victoria, Ushelisheli, kuna watu wanaoisubiri kuwapima samaki wake. Mashua ya Nungwi au ya Msimbati inapotia nanga, mara nyingi wanaoisubiri ni dalali na mchuuzi tu. Nchi isipopeleka takwimu zinazokidhi, sekretarieti ya Kamisheni, iliyoko Victoria hukohuko, hukadiria yenyewe, na wao hawana kosa, kwa kuwa lazima waandike kitu. Lakini kadirio lililofanywa Victoria juu ya diko la Kilwa haliwezi kuwa msingi wa haki ya watu wa Kilwa.

Kuna jambo ambalo Watanzania wachache wanalijua, na ningependa Waheshimiwa mlitumie kwa fahari mnapokaa kwenye meza hizo. Sehemu kubwa ya yale dunia inayoyajua kuhusu ukuaji na safari za jodari wa Bahari ya Hindi ilipatikana kwa samaki walioachiwa mbele ya pwani yetu. Kati ya Mei 2005 na Septemba 2007, chini ya mradi mkubwa uliogharamiwa na Umoja wa Ulaya na kusimamiwa kupitia IOTC, meli za uvuvi wa fimbo ziliweka alama samaki zaidi ya 168,000. Ukijumlisha na miradi midogo ya nchi nyingine, waliowekwa alama wanapita 200,000. Jodari wa mapezi ya njano walikuwa 66,543, na wengi wao waliachiwa katika maji ya Tanzania. Jodari wa macho makubwa walikuwa 35,997, asilimia 96 wakiwa wa mradi huo mkuu, nao pia wengi waliachiwa hapa kwetu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya sekunde. Samaki anavutwa kwa fimbo, analazwa kwenye kitanda cha plastiki kilicholowa, anapimwa kutoka ncha ya mdomo hadi panda ya mkia, anachomekwa uzi wa plastiki wenye namba nyuma ya pezi la mgongoni, kisha anarudishwa majini kichwa mbele. Baadhi yao walidungwa pia dawa ya oksitetrasaiklini, ambayo huacha mstari kwenye kijiwe cha sikio, kijiwe kidogo kigumu chenye pete zinazoonyesha umri wa samaki. Samaki huyo akivuliwa tena baada ya mwaka mmoja au miwili, mtafiti huhesabu pete zilizoongezeka baada ya mstari ule na kujua kama kila pete kweli inawakilisha muda anaodhani. Takriban samaki mmoja kati ya sita alipatikana tena, wengi wao kwenye matumbo ya meli za nyavu zilizokuwa zikishusha Ushelisheli.

Kutokana na alama hizo wanasayansi waliona kwamba jodari wa mapezi ya njano hukua polepole akiwa mdogo, kisha huongeza kasi. Miaka mingi baadaye umri uliosomwa moja kwa moja kwenye vijiwe vya masikio ukatoa picha tofauti ya miaka ile ya mwanzo. Msidhani hii ni mizozo ya maabara isiyowahusu. Mwaka 2015 tathmini ya IOTC ilisema jodari huyu amevuliwa kupita kiasi, na mwaka uliofuata ukapitishwa mpango wa kumrudisha, wenye makato ya mavuno. Tathmini ya 2024 ikageuza hukumu: hayumo tena katika hali ya kuzidiwa, na kiwango cha juu cha mavuno endelevu kikakadiriwa kuwa takriban tani 421,000 kwa mwaka. Miongoni mwa yaliyorekebishwa katikati ya tathmini hizo ni vigezo vya ukuaji. Kijiwe chenye urefu wa milimita chache, kinachotolewa chini ya ubongo wa samaki, kimo ndani ya hesabu inayoamua nani avue tani ngapi.

Sasa nawaomba mje nami dikoni.

Kusi likilegea, boti zinazorudi kutoka mkondo wa Pemba hufika alfajiri. Samaki hushushwa mchangani juu ya turubai, na mpimaji ana dakika chache tu kabla dalali hajaanza kunadi. Wavuvi wananijua. Wananipisha, wananihimiza: "Mwalimu, chapuchapu, jua hilo." Wakubwa hawana shida. Jodari wa mapezi ya njano mwenye mita moja na nusu anajitambulisha mwenyewe kwa mapezi yake marefu yaliyopinda. Shida iko kwa wadogo, wa sentimita arobaini na hamsini. Katika umri huo wa mapezi ya njano na wa macho makubwa wanafanana kiasi kwamba hata mvuvi aliyezeeka na kazi anaweza kuwachanganya. Mara nyingi nimesubiri mchuuzi apasue matumbo, maana angepasua tu, nikainama kuangalia ini. La mapezi ya njano ni laini, bila michirizi, na pande lake la kulia ni refu kuliko mengine. La macho makubwa lina michirizi ya mishipa kwenye kingo. Ukishaonyeshwa mara mbili hukosei tena.

Basi nimekwishawatofautisha. Nafungua fomu niliyopewa na ofisi iliyonituma, na fomu ina mstari mmoja: jodari. Wote wawili wanaingia humo. Mstari wa chini yake ni wa sehewa, na humo pia wanaingia samaki wa aina mbili, yule mwenye michirizi tumboni anayekimbia bahari kuu na yule mwenye michirizi mgongoni na madoa chini ya pezi la kifuani anayekaa karibu na pwani. Hawa ni samaki wenye maisha tofauti kabisa, na hali zao ni tofauti. Jodari wa macho makubwa alitangazwa katika tathmini ya 2022 kuwa alikuwa amezidiwa na bado akizidi kuvuliwa kupita uwezo wake, na aliwekewa kikomo cha tani 80,583 kwa bahari nzima kwa miaka ya 2024 na 2025. Sehewa wa bahari kuu yuko katika hali nzuri, ingawa mavuno yake yamekuwa yakivuka kikomo. Tarakimu moja ya "jodari" inayotoka kwetu haiwezi kumsaidia yeyote kati yao. Kubadilisha fomu hiyo hakuhitaji mfadhili. Kunahitaji saini.

Jambo jingine linahitaji fedha kidogo. Ili nipate vijiwe vya sikio lazima nikate sehemu ya juu ya kichwa, niondoe ubongo, nivitoe kwa koleo ndogo. Kichwa cha jodari ni supu. Mama mmoja mchuuzi, nilipomwomba, alikikumbatia kile kichwa akaniambia, "Mwanangu, ukishakipasua hiki nani atakinunua? Wewe utanilipa?" Sikuwa na cha kumlipa, na alikuwa na haki. Kwa hiyo nikaondoka na urefu bila umri. Hivyo ndivyo sampuli za pwani yetu zinavyopotea kila asubuhi, kwa kukosa bei ya kichwa cha samaki. Wekeni mfuko mdogo wa kununua vichwa na vifuko vya mayai katika madiko machache yaliyochaguliwa vizuri, na mtashangaa jinsi wachuuzi watakavyokuwa wasaidizi wa utafiti wa kutegemewa kuliko sisi wenye vyeti.

Kwa nini vifuko vya mayai? Kwa sababu swali la kwanza la usimamizi wa samaki yeyote ni hili: je, tunamvua kabla hajazaa? Utafiti uliofanywa magharibi mwa Bahari ya Hindi unaonyesha kwamba nusu ya majike wa jodari wa mapezi ya njano huwa wamekomaa kikamilifu wakifika takriban mita moja. Sehewa wa bahari kuu hukomaa akiwa na sentimita arobaini tu. Wanapovuliwa pamoja chini ya chelezo kimoja, yaani kifaa kinachoelea ambacho samaki hukusanyika chini yake, sehewa ni mzazi na jodari wa urefu uleule bado ni mtoto. Huo ndio ubaya wa vyelezo vya kuelea vinavyoachwa baharini na meli kubwa vikiwa na vifaa vya setilaiti na vya kusikilizia samaki walioko chini yake. Mwaka 2019 IOTC iliweka kikomo cha vifaa 300 vinavyofanya kazi kwa kila meli. Februari 2023, katika mkutano maalumu uliofanyika Mombasa, likapitishwa azimio la kusitisha uvuvi wa vyelezo hivyo kwa siku 72 kila mwaka. Umoja wa Ulaya ukawasilisha pingamizi, wanachama wengine wakafanya hivyo, na azimio likapoteza nguvu.

Nilifuatilia mjadala ule kwa uchungu. Kila upande ulidai ushahidi, na sisi ambao vyelezo hivyo hutufikia vikanasa kwenye matumbawe yetu hatukuwa na mfululizo wa vipimo vya miaka kumi kutoka dikoni hata mmoja wa kuweka mezani, wa kuonyesha kama jodari wanaofika kwa mshipi wetu wamepungua urefu au la. Mimi nina madaftari yangu. Madaftari ya mtu mmoja si ushahidi wa taifa.

Nimewahi kusikia kikaoni, kutoka kwa mtu ninayemheshimu, hoja kwamba ni heri tuonekane tunavua kidogo. Mpango wa 2016 wa jodari wa mapezi ya njano uliwabana wale waliovuka viwango fulani, mathalani nchi za meli za nyavu zilizovua zaidi ya tani 5,000 mwaka 2014, na waliokuwa chini waliachwa. Kwa hiyo, alisema, ukimya ni kinga. Naielewa hofu yake, lakini siikubali. Kinga hiyo hufanya kazi wakati wa makato na hugeuka kitanzi wakati wa mgao. Tena mavuno yasiyoandikwa hayatoweki baharini kwa kutoandikwa. Samaki wamekwisha kufa, na tathmini inayodhani wako hai itatoa ruhusa ya kuvua ambayo bahari haiwezi kuilipa. Atakayeumia kwanza ni mwenye mashua ya mashine ndogo, asiyeweza kuwafuata samaki hadi Chagos.

Mtazameni nguru. Kila mmoja wenu amekula nguru, harusini au kwenye futari. Yumo katika orodha ya aina 16 zinazosimamiwa na IOTC, na kwa miaka kadhaa tathmini zimekuwa zikimweka kwenye nyekundu, rangi ya waliovuliwa kupita kiasi. Lakini tathmini hizo zimeegemea mbinu zinazotumia tarakimu za mavuno karibu peke yake, kwa kuwa data za urefu, umri na uzazi kutoka nchi za pwani ni haba mno. Huyu hafuatwi na meli za Ulaya wala za Asia ya Mashariki. Ni samaki wetu, sisi na majirani zetu. Kama hatumjui, hakuna wa kulaumiwa nje ya nchi zetu.

Masharti tuliyojiwekea kama wanachama si makubwa. Azimio la takwimu la IOTC linataka angalau samaki mmoja apimwe urefu kwa kila tani inayovuliwa, na takwimu za uvuvi wa pwani za mwaka uliopita zifike Victoria kufikia tarehe 30 Juni. Samaki mmoja kwa tani! Jarife moja lililobahatika linaweza kuleta tani kwa usiku mmoja, na kumpima samaki mmoja hakuchukui dakika. Tunachokosa ni mtu anayelipwa kuwapo pale kila siku ya msimu, mwenye ubao ulionyooka, mizani inayokaguliwa na ofisi inayoyasoma anayoyaandika. Wapimaji wengi ninaowajua wanajitolea au wanalipwa posho inayochelewa miezi. Kijana ambaye hajalipwa atajaza fomu akiwa chini ya mwembe, kwa kukisia, na huwezi kumlaumu sana. Namba zake, hata hivyo, zitasafiri hadi kwenye tathmini.

Fedha itoke wapi? Itoke kwa jodari mwenyewe. Meli za nje hulipia leseni kuvua katika eneo letu la bahari kuu, lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 223,000. Naomba sehemu inayojulikana ya mapato hayo, kwa asilimia iliyoandikwa kwenye kanuni ili isitegemee huruma ya mwaka wa fedha, irudi kwenye utafiti wa samaki haohao. Watu wazima wote wa nchi hii wanawakumbuka "samaki wa Magufuli", karibu tani 300 zilizokamatwa mwaka 2009 ndani ya meli ya Tawariq 1, marehemu Rais John Magufuli akiwa waziri wa sekta hii. Siku zile Watanzania wengi ndipo walipojua kwamba kuna utajiri wa namna ile nje ya upeo wa macho yao, kwa kuwa ulikamatwa. Ule ambao haujakamatwa unapita kila msimu, na njia pekee ya kuuona ni kuwa na watu wetu juu ya meli hizo wakiandika. IOTC inataka waangalizi wafike angalau asilimia 5 ya shughuli za meli kubwa. Katika maji yetu sisi ndio tunaotoa leseni, tunaweza kudai zaidi. Na mwangalizi anayeshuka melini asishuke na ripoti ya polisi tu. Ashuke na vipimo na sampuli, vyote vipelekwe TAFIRI mwezi huohuo.

Kuhusu bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, ambayo ujenzi wake ulianza 2023, nimeona mipango ikizungumzia gati, barafu na viwanda. Vyote vinahitajika. Nasihi tu kwamba chumba cha maabara na eneo la kupimia viwekwe kwenye michoro sasa, karibu na gati, pamoja na friji ya sampuli yenye umeme wake. Kuongeza chumba cha utafiti baada ya bandari kufunguliwa ni kazi ambayo haifanyiki. Tumeona majengo mengi.

Kuna tatizo la Muungano ambalo tunalikwepa kwa adabu. Takwimu za Bara na za Zanzibar hukusanywa na idara mbili, kwa fomu mbili, na jodari hawavijui vitu hivyo. Mvuvi wa Kojani, Pemba, anakwenda dago, yaani kambi ya uvuvi, Kilwa au Mtwara, anakaa miezi, chombo chake kimesajiliwa Pemba na samaki wake wanaliwa Dar es Salaam. Ameandikwa wapi? Pengine mara mbili, pengine hakuandikwa kabisa. Mamlaka ya Fumba iliundwa kwa ajili ya pande zote mbili. Hapo ndipo pa kuanzia: fomu moja, orodha moja ya aina za samaki yenye picha, na daftari moja la vyombo, Tanga hadi Msimbati, Pemba hadi Mafia.

Nataka pia kuwasemea wanasayansi vijana wa TAFIRI, ZAFIRI na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Maamuzi ya Kamisheni hupitishwa na wajumbe wa serikali, lakini hupikwa miezi kadhaa kabla, kwenye kikosi kazi cha jodari wa tropiki na kwenye Kamati ya Sayansi, ambayo kwa kawaida hukutana Desemba. Humo ndimo mtu husimama na kusema kigezo hiki cha ukuaji hakifanani na tunachokiona pwani yetu. Anayekwenda mara moja, mwaka unaofuata akabadilishwa na mwingine kwa sababu ya zamu za safari, hatoweza kusema hivyo. Chagueni wawili au watatu, wasomesheni mbinu za tathmini hadi waweze kuiendesha wenyewe, na wapelekeni watu haohao kwa miaka kumi.

Samaki huyu ninayemwombea ni kiumbe wa ajabu, niruhusuni niseme. Hapumziki. Akiacha kuogelea anakosa hewa, kwa sababu maji hupita kwenye matamvua yake kwa mwendo wake mwenyewe. Damu yake hupishana katika mishipa kiasi kwamba joto la misuli halipotei majini, na mwili wake huwa na joto kuliko bahari inayomzunguka. Yule wa macho makubwa mchana huzama mamia ya mita kwenye giza na baridi akifuata chakula, usiku hupanda. Ili kuendesha mwili wa namna hiyo lazima ale bila kukoma, na ili ale lazima asafiri. Joto la bahari likibadilika, anahama. Mwaka 1998, baada ya El Nino kubwa, meli za nyavu zilimfuata mashariki ya mbali ya bahari hii. Mabadiliko ya tabianchi yataleta miaka mingine kama ule, na nchi yenye vipimo vya miaka mingi mfululizo itajua kilichobadilika. Isiyo navyo itabaki na hadithi za wazee, ambazo nazipenda, ila hazipokelewi Victoria.

La mwisho ni deni letu kwa wavuvi. Kwa miaka yote hii wamenipisha nipime samaki wao, na bado sijawahi kuwarudishia karatasi hata moja inayosema tulichojifunza, kwa kuwa ripoti huandikwa kwa Kiingereza na kuishia kabatini. Iwekeni sharti: kila mwaka, kabla ya msimu, matokeo yasomwe kwa Kiswahili katika madiko yaliyotoa vipimo, mbele ya vikundi vya ulinzi wa rasilimali Bara na kamati za wavuvi za shehia Zanzibar. Waulize, wabishe. Nahodha aliyeona chombo chake kimo kwenye hesabu ataleta samaki wake kwenye ubao bila kubembelezwa.

Bajeti zenu zinaandaliwa. Naomba kifungu chenye jina lake: vipimo vya jodari na samaki wa jamii yake katika uvuvi mdogo, ndani yake mishahara ya wapimaji, ununuzi wa sampuli, na usomaji wa vijiwe hapahapa nchini. Fomu mpya inayotenganisha aina za samaki iwe tayari kabla ya msimu ujao. Kwa upande wangu, nitakwenda diko lolote mtakalonituma kuwafundisha vijana kusoma ini, kupima kwa panda ya mkia na kutoa kijiwe bila kukivunja. Nitahitaji nauli na vichwa vya samaki vya kufanyia mazoezi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mpimaji wa samaki, pwani ya Tanzania